Chaki, kitenge na skrini: kwa nini watu wawili hubuni tofauti kutegemea kilichopo kati yao

Katika karakana za kuchomelea za Nyakato, Mwanza, geti huanzia sakafuni. Fundi anafagia kipande cha saruji, anapiga mistari miwili ya chaki kuonyesha nguzo, anavuta mstari wa juu, kisha anaanza kujaza katikati: skwea paipu zipite ngapi, maua yakae wapi, komeo liwe upande gani. Mchoro una ukubwa wa geti lenyewe. Mwenzake amesimama upande wa pili, mguu mmoja juu ya mstari wala hajali. Baada ya muda anachuchumaa, anafuta kona moja kwa kiganja na kuchora ya kwake. Hakuna aliyesema ana wazo. Yule wa kwanza anainamisha kichwa, anatazama, anausogeza mstari kidogo, na kazi inaendelea.

Tumezoea kuamini kwamba ubunifu hukaa kichwani, na kwamba watu wawili wakikutana hubadilishana tu yale ambayo kila mmoja alikuja nayo. Mimi naona maelezo hayo yamepungukiwa. Kile ambacho wawili wanakitazama na kukishika kwa pamoja, iwe chaki, karatasi, kitambaa, skrini au mbao, hakipokei tu mawazo yaliyokwisha kuiva. Kinaamua nani apate nafasi ya kuchangia, jambo gani lijadiliwe, na mjadala ufungwe lini. Mafundi walewale, mteja yuleyule, ukiondoa chaki ukaweka picha ya kwenye simu, litatoka geti jingine.

Kichwani hamna nafasi

Tuanze na mtu mmoja. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, aliandika kwamba akili hushika vitu 7 hivi kwa wakati mmoja, viwili zaidi au viwili pungufu. Mwaka 2001 Nelson Cowan aliupitia ushahidi upya na kuishusha hesabu hadi 4 hivi. Sasa hesabu vilivyomo kwenye geti la kawaida: upana, kimo, mteremko wa barabara, idadi ya nondo, nafasi kati ya nondo na nondo, mlango mdogo wa waenda kwa miguu, bawaba, komeo, bei. Kikomo kimeshavukwa hata maua hayajatajwa. Anayechora huvitua vitu hivyo chini ili akili ibaki na kazi ya kulinganisha.

Mikono nayo inafikiri. David Kirsh na Paul Maglio walichapisha mwaka 1994 uchunguzi wao wa wachezaji wa Tetris, ule mchezo wa kompyuta wa kupanga vipande vinavyoshuka. Wachezaji walikuwa wakizungusha vipande mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Ungedhani wanapoteza muda, kumbe kukizungusha kipande kwenye skrini ni haraka kuliko kukizungusha akilini. Walizungusha ili waone. Fundi anayegeuzageuza kipande cha flatiba, yaani chuma bapa, mkononi huku kimya yuko kwenye kazi hiyohiyo, kwa hiyo bosi mwenye haraka amwache.

Akiongezeka mtu wa pili, tatizo linabadilika sura. Sasa kuna vichwa viwili ambavyo havioni ndani ya mwenzake. Ukisema ua liwe kubwa kidogo, mwenzako ana ua lake akilini na wewe una lako, na kidogo yake siyo kidogo yako. Herbert Clark na Meredyth Krych walilipima jambo hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, wakitumia matofali ya Lego, vile vipande vya plastiki vya kuchezea vinavyopachikana. Mtu mmoja alikuwa na mfano uliokwisha kujengwa, na kazi yake ilikuwa kumwelekeza mwenzake aujenge upya kwa kumwambia tu. Mwelekezaji alipoweza kuiona meza ya mjenzi, kazi ilikwenda mbio. Meza ilipofichwa, muda uliongezeka hadi kama mara mbili. Siri ilikuwa kwenye vitendo vidogo vidogo: mjenzi anakishikilia kipande juu ya mahali fulani bila kukibandika, na mwelekezaji anaikatiza sentensi yake mwenyewe katikati, ndiyo, hapohapo. Kidole na kipande vilichukua nafasi ya maneno mengi.

Utafiti huo una matokeo mengine ambayo hayasemwi sana. Kuonana nyuso hakukusaidia kiasi cha kutajika; kilichosaidia ni kuiona kazi. Mfikirie mteja aliyeko Nansio, Ukerewe, anayejadiliana kwa simu ya video na fundi aliyeko Mwanza, kwa kuwa hawezi kupanda meli kila linapozuka swali dogo. Wote wawili wanaishika simu mbele ya uso, wanasalimiana vizuri, wanaulizana habari za nyumbani, kisha wanaanza kuelezana kwa maneno kona ambayo kamera ingeionyesha kwa sekunde moja. Salamu zikiisha, geuza kamera.

Faida ya mstari usio na uhakika

Mpaka hapa mchoro ni chombo cha kuelewana, na kama ingekuwa hivyo tu, makala hii ingeishia hapa. Lakini mchoro wa harakaharaka huzaa pia mambo ambayo mchoraji hakuyaweka.

Donald Schön, katika kitabu chake cha mwaka 1983 kuhusu namna wataalamu wanavyofikiri kazini, alieleza jinsi msanifu majengo anavyozungumza na mchoro wake: anachora, mchoro unamwonyesha tokeo asilolitarajia, naye anabadilisha hatua inayofuata. Mwaka 1997 Masaki Suwa na Barbara Tversky waliwalinganisha wasanifu wazoefu na wanafunzi wa usanifu. Waliwarekodi wakichora, kisha wakawaonyesha video na kuwaomba waeleze walikuwa wakiwaza nini katika kila hatua. Wazoefu walisoma kwenye mistari ileile mambo ambayo hayajachorwa: watu watapita wapi, sehemu hii itatumikaje, nini kitatokea hapa kwa kuwa pale kuna kile. Mistari haikuwa na habari hizo. Ilikuwa na nafasi ya kuziingiza.

Kwa wawili jambo hili huzidi, maana kila mmoja anautazama mstari na maisha yake nyuma yake. Chaki imeteleza, mstari umepinda. Mmoja anaona kosa, mwingine anaona wimbi, au mgongo wa sato. Kutoelewana kwa namna hiyo kukitokea kwenye mkataba wa kuuziana kiwanja kutawafikisha mahakamani, lakini kwenye mchoro wa mwanzo ni mtaji. Ndiyo maana naithamini chaki kwa sifa ambayo programu nyingi za kuchorea hazina: inachora vibaya. Mstari wake ni mnene, hausemi kama unamaanisha sentimita moja au tatu, na yeyote anaweza kuufuta kwa kiganja bila kuomba ruhusa.

Hali hiyo haidumu milele. Simon Garrod na wenzake wa Chuo Kikuu cha Glasgow walichapisha mwaka 2007 majaribio ambamo watu walichora maana fulani, kwa mfano ukumbi wa tamthilia au bunge, ili wenzao wazitambue, na maana zilezile zikarudiwa duru baada ya duru. Pale ambapo wawili waliwasiliana, michoro ilipungua hadi ikawa mikwaruzo michache ambayo wao wanaielewa na mgeni haambulii kitu. Pale ambapo mchoraji hakupata jibu lolote kutoka kwa mwenzake, mchoro haukupungua, ulizidi kujaa. Mafundi wawili waliofanya kazi pamoja miaka mingi wanajua raha ya mikwaruzo hiyo: msalaba kwenye kona, mshale, basi wameshaelewana. Mteja anayesimama pembeni akiitikia kwa kichwa kwa heshima hajaelewa lolote, na siku ya kulipa ndipo itakapojulikana.

Picha safi hufunga mlango mapema

Nenda kwa fundi cherehani yeyote wa Makoroboi, Mwanza, harusi zinapokaribia. Mteja anaingia na kitenge kwenye mfuko na picha kwenye simu. "Dada, nataka hiihii." Picha ni ya mwanamke mwingine, mwenye umbo jingine, aliyevaa kitambaa kingine chini ya taa za studio. Tangu hapo mazungumzo yamebaki na swali moja: inawezekana au haiwezekani?

Hali hii ya akili kugandia mfano imechunguzwa. David Jansson na Steven Smith, mwaka 1991, waliwapa wanafunzi wa uhandisi na wahandisi wa kazini kazi za kubuni. Baadhi walionyeshwa mfano kwanza, wengine hawakuonyeshwa. Kazi mojawapo ilikuwa kikombe cha kahawa kisichomwagika, na maelekezo yalikataza mrija na mdomo wa kunyonyea. Mfano uliotolewa ulikuwa navyo. Walioonyeshwa mfano huo waliviweka kwenye michoro yao kuliko wenzao, katazo likiwa mbele ya macho yao. Huwezi kuwaita wavivu. Mfano ulishakalia nafasi kabla wazo lao halijafika.

Kuwa wawili hakuwaokoi. Wote wameitazama picha ileile, wameganda pamoja, na kila mmoja anauchukua ukimya wa mwenzake kuwa ni kukubali.

Fundi anayeijua kazi yake anafanya jambo dogo sana. Anaipokea simu, anaitazama picha kwa makini, anaikuza kwa vidole aone mshono wa kifua, kisha anairudisha mkononi mwa mteja. Halafu anakitoa kitenge, anakikung'uta, anakishikilia begani kwa mteja mbele ya kioo. Sasa yanajitokeza mambo mengine. Mduara mkubwa wa kitenge unaangukia katikati ya kifua, na mkato wa kwenye picha ungeupasua vipande viwili. Kitambaa ni yadi 6, na gauni la kwenye simu lina mikono mikubwa na mkia wa kuburuza.

"Mama, ua hili tukilikata hapa litapotea. Tuliache lishuke mgongoni?"

Mteja anageuka ubavu, anajitazama, kisha yeye mwenyewe anakikunja kitambaa kwa vidole karibu na kiuno. "Na tukikunja hivi je?"

Mtazame mteja huyo. Hajui patani ya kukatia nguo, hajawahi kushika mkasi wa fundi, na tayari ametoa pendekezo la kiufundi. Aliweza kwa sababu kitambaa kinashikika na kinakunjika, na kikikunjwa kinajibu papo hapo. Picha ya simu ingempa nafasi ya kusema ndiyo au hapana tu.

Sisemi picha zifutwe. Ni nzuri kueleza kiwango cha urembo, aina ya shughuli, hata uwezo wa mfuko wa mteja bila mtu kuaibika. Tatizo ni kwamba picha inakuja mwanzo kabisa ikiwa peke yake, wakati ambapo ingepaswa kuwa moja ya picha kadhaa, na lisiamuliwe jambo kabla kitambaa hakijafunguliwa.

Steshenari ndiko ninakoliona tatizo hili likiwa limeota mizizi, yale maduka ya kutengeneza mabango, kadi za harusi na fulana za vikundi. Mbunifu ameketi, ameshika mausi. Mteja amesimama nyuma ya kiti chake. Jinsi walivyokaa tu imeshagawa kazi: mmoja ana mkono, mwingine ana mdomo. "Sogeza kidogo. Tena kidogo. Rudisha. Weka nyekundu. Hapana kaka, ile nyekundu nyingine." Nusu saa baadaye bango la semina lina nyekundu inayotakiwa na halina saa ya kuanza.

Sababu ya kwanza ni hiyo mausi moja. Ya pili haionekani upesi. Skrini huonyesha kitu kikiwa safi kama kilichokwisha kuchapwa, hata kama kimeanza dakika tano zilizopita, na kitu kinachoonekana kimekamilika humfanya mtazamaji azungumzie umaliziaji. Mwaka 1996 Jutta Schumann na wenzake wa Ujerumani waliwapa wasanifu majengo picha za kompyuta za jengo, nyingine safi, nyingine zimefanywa zionekane kama zimechorwa kwa mkono. Wengi walisema kwa rasimu za mwanzo wangechagua ile ya kama mkono. Mteja akiona mstari unaotetereka anajua bado ana nafasi ya kuuliza kama chumba hicho kinahitajika. Akiona kivuli cha mti kimechorwa hadi majani, anauliza kama mti unaweza kuhamia kushoto.

Dawa yake ni rahisi mno kiasi kwamba wengi huidharau: karatasi iliyochapwa upande mmoja, igeuzwe upande wa pili, na kalamu mbili. Nasema mbili. Kalamu ikiwa moja, mwenye kalamu ndiye mwenye kikao. Andikeni kwanza bango linatakiwa kumwambia nini mtu anayepita na bodaboda, gawanyeni karatasi kwa mistari mikubwa mikubwa, kila mmoja achore mpangilio wake, ndipo kompyuta iwashwe.

Karatasi haina zamu

Faida ya kalamu mbili inatokana na jambo ambalo wachunguzi wa vikao walilibaini zamani. Alex Osborn, mtu wa matangazo wa Marekani, alieneza katika miaka ya 1940 na 1950 mtindo wa watu kukaa pamoja na kumwaga mawazo kwa sauti bila kukosoana. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliujaribu: watu wanne waliokaa kundi moja walitoa mawazo machache kuliko wanne waliofanya kazi kila mmoja peke yake kisha mawazo yao yakakusanywa. Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walionyesha mwaka 1987 kwamba chanzo kikuu ni zamu. Mmoja anapoongea, mwingine anangoja, na anapongoja wazo lake linapotea au anaacha kutafuta jingine. Hasara hupungua kundi likiwa dogo, kwa hiyo wawili wana nafuu, lakini hawajanusurika. Mdomo unataka zamu. Karatasi iliyotandazwa mezani inaweza kupokea mikono miwili kwa wakati mmoja, na kila jicho likaiba kidogo kutoka upande wa pili.

Wasukuma wana jambo linalokaribiana na hilo, japo kwa makundi makubwa na kwa ushindani. Katika mashindano ya ngoma baada ya mavuno, pande mbili za wacheza ngoma, Bagika na Bagalu, hucheza kwa wakati mmoja, kila upande na uwanja wake, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi. Watazamaji wana miguu na wanahama. Kwa hiyo kila upande unaona palepale kinachofanikiwa kwa mwenzake, na unajibu kwa kitu cha kuonekana: majembe yanayorushwa na kudakwa, nyoka, sanamu za mbao. Ukifika Makumbusho ya Wasukuma, Bujora, kule Kisesa, zitazame ngoma na vifaa vya uchezaji ukiwa na swali hilo kichwani: hiki kilibuniwa kujibu nini cha upande wa pili? Ubishi wa namna hiyo usingezaa vitu vingi hivyo kama kila kundi lingecheza peke yake na kusubiri zamu.

Idadi ya vitu mezani nayo ina kazi yake. Mwaka 2011 Steven Dow na wenzake walichapisha jaribio la watu wawili wawili wakibuni matangazo ya mtandaoni. Baadhi walitengeneza kadhaa na kumwonyesha mwenzao yote. Wengine walitengeneza kadhaa wakaonyesha lililo bora tu. Wengine walitengeneza moja. Walioonyeshana yote walitoka na matangazo yaliyofanya vizuri zaidi, na uhusiano wao ukawa mzuri zaidi. Ukileta mchoro mmoja, anayeukosoa anakukosoa wewe. Ukileta mitatu, mwenzako anaweza kusema napenda kichwa cha huu na miguu ya ule, na hakuna aliyeumia.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa ziada. Karakanani kuna ngazi. Kijana anayejifunza hamkatizi fundi mkuu mbele ya mteja. Ni kumvunjia heshima, na anaweza kurudishwa kushika brashi ya rangi wiki nzima. Wale wawili walioifuta kona kwa kiganja ni watu wa rika moja. Kijana hafuti. Anachuchumaa, anapiga mstari wa pili pembeni ya ule wa fundi, mwembamba, na kuuliza: "Fundi, tukipitisha hivi, mtoto si atapenyeza kichwa?" Kidole chake kiko kwenye pengo kati ya nondo mbili, macho yako chini. Fundi anaweza kujibu kwa kupima pengo kwa mkono wake bila kusema kwamba amekubali. Chaki imempa kijana nafasi ambayo mdomo wake usingeipata, na fundi amebaki fundi. Kwenye skrini kijana huyo angelazimika kusema, na pengine angenyamaza.

Vitu vinavyokataa

Karatasi ina ubaya wake: inakubali kila kitu. Unaweza kuchora geti linaloelea au nyumba yenye ngazi zisizofika popote. Ndiyo maana wabunifu wawili wanahitaji pia kitu kinachoweza kuwakatalia.

Mfano ninaoupenda umetoka Cambridge, Uingereza, Februari 1953. James Watson na Francis Crick walikuwa wakitafuta umbo la DNA, kile kinachobeba urithi ndani ya viumbe, kwa kujenga mifano. Vipande vya chuma vya sehemu zake nne muhimu, yaani adenini, thaimini, guanini na saitosini, vilikuwa havijatoka karakana ya maabara, na Watson, kwa kukosa subira, akavikata kwa kadibodi. Mkemia Jerry Donohue, waliyekuwa naye ofisi moja, alikuwa amewaambia kwamba maumbo yaliyochorwa kwenye vitabu vya wakati huo hayakuwa sahihi. Kwa maumbo yaliyosahihishwa, Watson alisogezasogeza vipande mezani akajaribu kulinganisha kila kimoja na mwenzake anayefanana naye. Havikukaa. Alipoweka adenini na thaimini, kisha guanini na saitosini, jozi mbili hizo zikatoa umbo lenye upana uleule. Crick aliingia, akavishika, na mara akaona maana yake. Walikuwa pia wametegemea picha na vipimo vya Rosalind Franklin, ambavyo walivipata bila yeye kujua, na habari hiyo haipaswi kuachwa kila hadithi hii inaposimuliwa. Lakini kwa mada yetu tazama kadibodi: nyepesi, ya kukatwa kwa mkasi, inasogezwa na mkono wa yeyote, ila kingo zake haziongopi.

Ufukweni mwa ziwa letu kazi hiyo hufanywa na mbao. Mafundi wengi wa mitumbwi hawana mchoro wa karatasi. Mkuku, yaani uti wa chini wa mtumbwi, unalazwa, mataruma, yaani mbavu zake, yanasimamishwa, na mbao za ubavu zinapindwa kuyafuata. Kuupinda ubao mrefu ni kazi ya watu wawili, mmoja huku na mmoja kule, na ubao wenyewe unapeleka habari kati yao. Anayebana upande wa gubeti, yaani mbele, anausikia ubao unavyogoma mikononi. Wa nyuma analegeza kidogo bila kuambiwa. Ubao ukianza kutoa sauti, wote wawili wanasimama. Wakiulazimisha utapasuka, wakiufuata kupita kiasi mtumbwi utakuwa na tumbo. Ubavu wa mwisho ni mapatano ya watu wawili na ubao mmoja, ndiyo maana mitumbwi miwili ya fundi mmoja hufanana na bado hailingani.

Na kuna mawe. Anayejenga Mabatini, Igogo au Isamilo anajua kwamba jiji hili la Mwanza limekaa juu ya miamba, na ramani ya nyumba iliyonunuliwa ikiwa imechapwa kwa rangi haijawahi kukutana na jiwe lililopo katikati ya sebule yake. Mwenye nyumba na fundi wakibishana juu ya ramani hiyo, wanabishana kuhusu kiwanja tambarare ambacho hakipo. Wakipeleka kamba, vigingi na mfuko wa chokaa kiwanjani, ubishi unahamia mahali pake. Kamba inavutwa, inagonga jiwe, mwenye nyumba anaona kwa macho yake kwamba chumba cha wageni kitahitaji kuvunja mwamba kwa siku nyingi au kusogea hatua mbili.

Hapo ndipo fundi anapotoa mpira mweupe wa maji, ule mrefu unaopitisha mwanga. Unajazwa maji, ncha moja anashika yeye, nyingine anapewa mwenye nyumba upande wa pili wa jiwe. Hawaonani. Maji yakitulia, yako usawa mmoja pande zote mbili, na kila mmoja anaweka alama ya penseli kwenye kigingi chake. Kwa fundi alama iko kifundoni. Kwa mwenye nyumba iko juu ya goti. Tofauti hiyo ni zaidi ya sentimita 40 za msingi, mawe na saruji, na hakuna haja ya kuibishania. Linalobaki ni la ubunifu: wajaze kifusi, au sakafu ishuke kwa ngazi tatu na jiwe liachwe liwe kiti cha barazani?

Wakishaamua, ramani inachorwa upya kwa ajili ya kibali cha halmashauri, safari hii kwa rula, vipimo na sahihi. Hiyo haitakiwi kufutika kwa kiganja, kwa sababu kuanzia hapo nondo zinakatwa kwa kuifuata.